Magazeti Kwenye Matundu ya Hewa

Juzi binti yangu alikuwa na kazi ya shule: kutengeneza tufe la dunia kwa magazeti na gundi ya unga. Alitandaza magazeti kwenye meza ya jikoni, akayachana vipande vipande, akakoroga unga wa ngano na maji ya moto kwenye sufuria, akaanza kuloweka. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nakata vitunguu. Ile harufu iliponifikia, harufu ya wino uliolowana na uji mbichi, nilikiacha kisu nikaenda kufungua dirisha. Nikafungua na la sebuleni. Nikafungua mlango wa kibarazani pia, na huo ulikuwa mwezi wa saba, wakati Randburg nzima, huku kaskazini mwa Johannesburg, imejifunika mablanketi.

"Mama, unafanya nini?" binti yangu aliuliza. "Tutaganda!"

Nilisimama pale mlangoni nikivuta hewa ya nje. Jibu lenyewe ni refu, na nimeona niliandike kwa ajili yenu wa rika langu, mliokulia kwenye zile nyumba kuukuu za mashariki ya mji, mnaojua baridi ya ndani ya nyumba inavyokuwa.

Nyumba yetu ilikuwa Bertrams, au niseme nusu yetu ya nyumba, kwa sababu ilikuwa imegawanywa katikati kwa ukuta na nusu ya pili aliishi Mama Furaha, mshonaji wa nguo kutoka Bukavu. Ilijengwa zamani sana, kwa matofali mekundu, paa la bati na sakafu ya mbao. Kati ya ubao na ubao kulikuwa na nafasi za kutosha kupoteza sarafu, na mimi nilipoteza nyingi. Dari lilikuwa la zile mbao za maua maua zilizopakwa rangi nyeupe tabaka juu ya tabaka, na juu ya dari hakukuwa na kitu chochote isipokuwa vumbi na bati. Kila chumba kilikuwa na matundu ya hewa karibu na dari, vibamba vidogo vya chuma vyenye nafasi nyembamba, na ukisimama chini yake wakati wa baridi ungehisi upepo unakushukia kichwani.

Lakini adui mkubwa alikuwa unyevu. Gata la nyuma, ule mfereji wa maji ya paa, lilikuwa limeoza, kwa hiyo kila mvua iliponyesha maji yaliteremka ukutani badala ya kwenda kwenye bomba, na ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umekunywa maji kiasi kwamba hata miezi ya kiangazi ulikuwa baridi ukiugusa. Kwenye kona, nyuma ya kabati, ukungu mweusi ulikuwa unatambaa. Mama aliusugua kwa dawa ya kufulia hadi vidole vikachubuka, na baada ya siku chache ulirudi, umeongezeka kidogo.

Mama alikuwa mtu wa Tanga. Unyevu haukuwa mgeni kwake. "Kwetu ukuta ukilowa, jua linaukausha kabla ya adhuhuri," alikuwa akisema, amesimama mbele ya ile kona mikono kiunoni. "Huku ukilowa umelowa. Hata jua lenyewe la huku lina baridi."

Baba alikuwa mwenyeji. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg, akatoroka akiwa kijana kwenda kujiunga na wapigania uhuru, akaishi Tanzania miaka mingi, na aliporudi nyumbani alirudi na mke. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ingawa alikisema kwa mdundo wa Kizulu, na Mama alipenda kumwiga hadi wote wawili wacheke. Mimi ndiye mtoto wao wa kwanza. Jina langu ni Lindiwe, lakini Mama aliniita Lindi. Halafu, baada ya miaka mingi ya kungoja, akazaliwa Baraka.

Baraka alizaliwa kabla ya wakati wake, na kifua chake kilikuwa dhaifu. Alipopumua akiwa amelala ungesikia kama mtu anayekuna karatasi polepole. Mwuguzi wa kliniki alimwambia Mama maneno ambayo Mama aliyarudia mara nyingi: mtoto huyu awe pakavu, awe na joto. Ilikuwa rahisi kusema. Nyumba yetu haikuwa kavu wala haikuwa na joto, na baridi ya mwaka ule ilianza mapema.

Mwaka huo huo kulikuwa na jambo jingine, na bila hilo hamtaelewa nilichofanya.

Watu walikuwa wameanza kuandamana. Siku moja tukitoka shule tuliwaona wanaume wengi kwenye barabara kubwa, wameshika fimbo, wakiimba kwamba wageni warudi kwao. Spaza ya Msomali, kile kiduka chetu cha mtaani, ilifungwa, ikabaki imefungwa. Pale kwenye roboti, zile taa za barabarani, pembeni mwa kundi, nilimwona Bhuti Sipho, yaani Kaka Sipho, fundi magari wa nyumba ya ng'ambo, amesimama mikono kifuani. Hakuwa akiimba, lakini alikuwa pale, na macho yetu yalikutana. Nilikimbia nyumbani.

Jioni ile Baba alimketisha Mama jikoni akamfundisha neno la Kizulu la kiwiko. Ilisemekana kwamba barabarani watu walikuwa wakisimamishwa na kuulizwa kiwiko kinaitwaje, na asiyejua alipigwa.

"Indololwane," Baba alisema, akigusa kiwiko chake.

"Indololwane," Mama akasema. Ulimi ulimteleza.

"Tena."

Walirudia mara nyingi. Mwanzoni Mama alicheka. Baadaye hakucheka. Mwishowe Baba akasema, "Nje ya nyumba hii, Kiswahili kiwe mfukoni, Mama Lindi. Kwenye teksi, dukani, kliniki. Nyamaza tu. Nawe pia, Lindi."

Mimi nilikuwa na kazi ndogo katika hilo, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa cha masikio tu. Nilielewa, au nilidhani naelewa, na nilijibu kwa Kizulu au Kiingereza. Zile herufi ndogo zinazotangulia maneno, zile *i* na *u* na *wa* ambazo kwa Mama zilitenganisha mtu na kitu, mimi zilinipita kama upepo. Ndiyo maana siku chache baadaye, nikiwa nimeketi kwenye ukumbi mwembamba nafanya kazi ya shule, niliwasikia jikoni wakizungumza nikaelewa vibaya kabisa.

"Inaingilia wapi tena?" Baba aliuliza.

"Chini ya mlango," Mama akasema. "Na kule juu, kwenye matundu. Jana niliweka mkono pale, nimeisikia kabisa."

"Nitaziba kote. Isipate hata pa kuchungulia."

"Fanya upesi, Baba Lindi. Itamwua mtoto, nakwambia."

Penseli iliniponyoka. Nilichosikia mimi ni kwamba kuna kitu kinachungulia nyumba yetu, kinatafuta pa kuingilia, na kikiingia kitaua. Sikuhitaji kuuliza ni kitu gani. Nilikuwa nimekwisha kukiona barabarani, kimeshika fimbo.

Jumamosi ile Baba aliziba. Mama alipika gundi ya unga, nami nikachana magazeti. Baba alipanda juu ya meza, akayasokomeza yale magazeti yaliyolowa ndani ya matundu ya hewa kwa kijiko cha mbao, tundu kwa tundu, chumba kwa chumba, kisha akapaka gundi juu. Kwenye madirisha alibandika plastiki nene. Alikata godoro kuukuu la sponji vipande virefu akavigandisha kwenye fremu za milango. Akafunga matambara yaliyoviringwa kama nyoka wa kuwekwa chini ya kila mlango. Nilimpa kila alichoomba. Nilikuwa na furaha ya ajabu, ile ya mtoto anayeona baba yake anajenga ngome.

"Sasa hata sauti haitoki," Baba alisema alipomaliza, akipiga makofi kukung'uta mikono. Kweli, nyumba ilikuwa imenyamaza. Magari ya barabarani yalisikika kama yanapita chini ya ardhi.

Tundu moja tu halikuzibwa: lile la barua, chini kwenye mlango wa mbele. Lilikuwa na kifuniko cha shaba chenye springi, na Baba alisema kinatosha.

Kwa muda nyumba ilikuwa na joto. Halafu madirisha yakaanza kulia. Mvuke wa chungu, wa maji ya kuoga, wa nepi zilizoanikwa ndani, wote haukuwa na pa kwenda. Asubuhi maji yalikuwa yametengeneza vidimbwi kwenye vizingiti vya madirisha, na ukungu wa kwenye kona ukatoka nyuma ya kabati ukaanza kupanda juu. Mama alipangusa na kupangusa. Niliona amekaza uso. Alimbeba Baraka mgongoni siku nzima, na kila nilipoongea kwa sauti aliweka kidole mdomoni.

"Shh. Taratibu, Lindi. Mtoto."

Alikuwa akiniomba nisimwamshe. Mimi nilijua, kwa uhakika wa mtoto, kwamba tunajificha.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya likizo, na mvua ilinyesha. Mnajua mvua ya baridi haiji Johannesburg mara nyingi, na ikija inakuja na upepo wa kusini unaotaka kukung'oa masikio. Baba alikuwa kazini Randburg, akilinda maofisi. Umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Hita yetu ile ya nyaya mbili ilififia kutoka nyekundu kuwa kahawia, kisha nyeusi, na baridi ikapanda kutoka sakafuni. Baraka akaanza kukohoa.

Mama alienda nyuma kuzungumza na Mama Furaha. Hao wawili walikuwa wanazungumza kwenye ua, mahali pasipo na mtu wa kuwasikia, kila mmoja na Kiswahili chake, wakicheka maneno ya mwenzake. Walirudi wamebeba mbaula, lile debe la chuma lenye matundu ambalo Mama Furaha aliliita mbabula na majirani wa Kizulu huliita imbawula. Alikuwa ameliwasha uani, chini ya kibanda, makaa ya mawe yakafuka hadi moshi ukaisha, yakabaki mekundu tu, mazuri kama machungwa.

"Moshi imeisha," Mama Furaha alisema. "Lakini muache mulango wazi kidogo, Mama Lindi. Kichwa itauma."

"Kidogo tu, mwenzangu. Akipata joto nitaitoa."

Mama Furaha alirudi kwenye cherehani yake. Mama aliiweka mbaula katikati ya chumba cha kulala, juu ya bati. Aliuacha mlango wazi kidogo, kweli. Lakini Baraka alikohoa tena, kikohozi kile cha kukuna, na Mama akautazama mlango, akamtazama mtoto, akaenda akaufunga. Akasukuma lile tambara la nyoka kwa mguu hadi likakaa sawa. Nilikuwa nimeketi kitandani. Nilikuwa nimefurahi alipoufunga.

Joto likatufikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa majuma mengi kuhisi vidole vyangu vya miguu. Ukuta uliolowa ulianza kutoa harufu, magazeti ya juu nayo yakatoa yake, ule wino na uji. Mama alijinyoosha kitandani na Baraka kifuani, akafumba macho. "Napumzika kidogo tu," alisema. "Kichwa kinanigonga."

Mimi pia kichwa kilikuwa kinanigonga. Lakini nilikuwa na kazi. Tangu tulipoziba nyumba nilikuwa nimejipa zamu, bila kumwambia mtu: kila Baba asipokuwepo, nilikaa kwenye ukumbi mbele ya mlango, nikainua kile kifuniko cha shaba kwa kidole, nikachungulia barabara. Kwa hiyo nilitoka chumbani nikaufunga mlango nyuma yangu, vizuri kabisa, nikarudisha na tambara mahali pake kutoka upande wangu kadiri nilivyoweza. Nikalala kifudifudi ukumbini juu ya mto, uso kwenye lile tundu. Upepo wa mvua ulinipiga puani na machoni. Nilidhani navumilia. Nimekuja kujua baadaye kwamba ule upepo ndio sababu naandika haya leo.

Sijui nilikaa kiasi gani. Barabara ilikuwa tupu. Nyuma yangu nyumba ilikuwa kimya, na nilijisifu kwa ukimya ule. Hata Baraka hakohoi, niliwaza. Hata Baraka anajua kujificha.

Kisha nikasikia mlango wa nyuma, wa jikoni, unagongwa. Polepole kwanza. Halafu kwa nguvu. Kulikuwa na sauti ya mtu, lakini kwa sponji na matambara na plastiki ilifika kwangu kama mtu anayesema ndani ya mto. Sikutambua ni nani, wala ni lugha gani. Nilijikunyata. Miguu yangu ilikuwa mizito kwa namna ambayo sikuielewa, na mdomoni nilisikia kichefuchefu.

Kugonga kuliacha. Nikasikia miguu inakimbia kando ya nyumba. Nikainua kifuniko.

Aliyekuwa anavuka barabara kuja kwetu alikuwa Bhuti Sipho. Alikuwa anakimbia kwenye mvua bila koti, na mkononi alishika nondo.

Nimewahi kuogopa mara nyingi maishani, kama ninyi. Lakini sijawahi tena kuogopa namna ile. Nilikiachia kifuniko kikapiga shaba kwa shaba. Mlango ulitikisika juu ya kichwa changu.

"Vulani! Vulani umnyango!" Fungueni, fungueni mlango.

Nilitambaa. Sikuweza kusimama vizuri, kuta zilikuwa zinaelea. Nilitambaa hadi mlango wa chumba nikausukuma, nikaingia kwenye joto lile zito. Mbaula ilikuwa bado inang'aa, nzuri vile vile, haina hata moshi. Mama alikuwa amelala jinsi nilivyomwacha, lakini mdomo ulikuwa wazi.

"Mama," nikamwita kwa kunong'ona, maana bado nilikuwa najificha. "Mama, wamekuja."

Nilimvuta mkono. Mkono ulikuja, nilipouachia ukaanguka. Nilimtikisa bega. Nikamshika Baraka, kichwa chake kikalegea upande mmoja kama ua lililokatwa. Alikuwa wa moto. Hakulia. Nilimfinya, Mungu anisamehe, nilimfinya paja kwa nguvu ili alie, watusikie, wasitusikie, sikujali tena, na hakulia.

Ukumbini mlango ulikuwa unapigwa. Mbao zilianza kulalamika. Na katikati ya kishindo kile nikasikia sauti ya pili, ya mwanamke, imeinama kwenye tundu la barua, inapiga kelele kwa Kiswahili. Barabarani. Mchana kweupe. Kiswahili kilichokatazwa.

"Lindi! Mutoto wangu! Ni miye, Mama Furaha! Fungula mulango! Lindi, unanisikia?"

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wamemkamata. Wamemshika na wanamlazimisha atuite. Nilimwona kwa macho ya akili, nondo shingoni. Nilikaa pale sakafuni kati ya kitanda na mlango, na kwa muda nisioweza kuupima sikufanya lolote.

Kilichoniamsha si ushujaa. Nilimtazama Mama kumuuliza nifanye nini, na Mama hakunijibu. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu wa kunijibu. Watu wote walikuwa nje.

Nilitambaa kurudi. Komeo lilikuwa juu na sikuweza kulifikia nikiwa nimepiga magoti, kwa hiyo niliushika mlango kwa mikono yote miwili nikajivuta, na ulikuwa unatikisika mikononi mwangu kila alipoupiga. Nikalisukuma komeo. Mlango ulifunguka kwa kishindo ukanitupa ukutani, na baridi yote ya Johannesburg ikaingia.

Bhuti Sipho aliniruka. Aliitupa nondo ukumbini. Nilimwona akitoka na Mama mabegani, mvua ikimpiga Mama usoni, na Mama Furaha nyuma yake na Baraka mikononi, akimpulizia mdomoni, akimpiga mgongo, akimwita Yesu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kisha Bhuti Sipho akarudi akaibeba ile mbaula kwa mikono iliyofungwa taulo, akaitupa uani, ikachemka kwenye matope. Akarudi mara ya tatu kunichukua mimi. Alininyanyua kama mfuko wa unga, akaniketisha kwenye ngazi, akanivika shati lake, akabaki na fulana.

"Vuta hewa, ntombi," alisema. Alikuwa analia. "Vuta. Eish, vuta hewa."

Nilitapika kwenye viatu vyake.

Baraka alilia ngazini pale, kilio chembamba kama cha paka. Mama Furaha alikaa chini kwenye maji, na yeye akalia.

Hospitali waliwawekea Mama na Baraka hewa ya chupa. Daktari alieleza kwamba makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwamba ukosefu wa moshi haumaanishi kitu. Alisema angalau tundu moja lilipaswa kuachwa wazi. Hakusema kwa ukali. Mama alifumbua macho jioni ile ile, akauliza Baraka yuko wapi, akauliza tena, akauliza tena. Maumivu ya kichwa yalimkaa hadi baridi ilipoisha.

Baba alikuja na sare ya kazi. Baada ya kuwaona, aliketi kando yangu kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, kofia magotini.

"Lindi," alisema, "Mama Furaha anasema aligonga sana nyuma kabla ya kumkimbilia Sipho. Hakusikia mtoto akikohoa, akaingiwa na wasiwasi. Hukumsikia?"

"Nilisikia mtu."

"Kwa nini hukufungua, mwanangu?"

"Nilidhani wamekuja kumchukua Mama."

"Nani?"

"Wale. Wale uliowazibia matundu."

Hakuelewa, na ilinibidi nimweleze kwa Kizulu, nikilia, yote niliyoyasikia jikoni: kwamba inachungulia, kwamba itamwua mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho. Mikono yake iliizungusha kofia, ikaizungusha.

"Baridi," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunazungumza habari za baridi, Lindi."

Aliinyoosha kofia magotini. Nilidhani amemaliza.

"Mimi nilipofika kwao mama yako nilikuwa sijui hata kuomba maji," akasema, kwa Kiswahili, bila kunitazama. "Nilijionyesha mdomo kwa kidole. Mama mmoja, simjui hata leo, akanipa kikombe, akanifundisha neno lenyewe nikiwa bado nakunywa. Hakuna aliyeniuliza kiwiko kinaitwaje. Nikaoa binti yao, nikamleta kwetu. Nikamwambia anyamaze."

Alifunika uso kwa kofia yake. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akilia, na sikujua mtoto afanye nini, kwa hiyo nilimshika kiwiko.

Kabla ya baridi ya mwaka uliofuata nyumba ile ilitengenezwa inavyotakiwa. Bhuti Sipho na Baba walitoa gata lililooza wakaweka jipya, ukuta ukakauka pole pole, na ukungu ukaacha kurudi. Darini, juu ya zile mbao za maua, walitandaza ile pamba nene ya kijivu inayowasha mikono, na joto likawa halipandi tena kutoroka kupitia bati. Bhuti Sipho alikuwa anakula kwetu mara nyingi. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanya nini pale kwenye roboti siku ile, na yeye hakuwahi kusema. Nimezeeka kidogo sasa, na bado sijui.

Lakini jambo ambalo nyumba nzima ilifanya kwanza lilikuwa asubuhi ile Mama na Baraka waliporudi kutoka hospitali. Mama alilazwa kitandani na kitambaa cha maji kichwani. Baba alipanda juu ya meza, bado na viatu vyake vya kazi, akachukua bisibisi, akaanza kuyachokoa magazeti kwenye matundu. Yalikuwa yamekauka kama ubao, yakatoka vipande vipande yakatuangukia. Tundu la kwanza lilipofunguka, mwanga mwembamba uliingia chumbani, na upepo nao, na sauti ya cherehani ya upande wa pili ikasikika wazi, na mtu anayeanua nguo uani.

Baba aliweka mdomo kwenye lile tundu. Alivuta pumzi kubwa, akapiga kelele kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya kusikika hadi barabara kubwa:

"Mama Furaha! Unanisikia?"

Cherehani ilisimama.

"Ninakusikia, Baba Lindi!" sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Na muji muzima inakusikia!"

Kitandani, Mama alianza kucheka. Alicheka akiwa amekishika kichwa kwa mikono miwili, kwa sababu kicheko kilimwuma, na hakuacha.